Sarafu Iliyopigwa Chapa Kombo

Kwako Kaka,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini kwamba kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha na usiku mnalala. Huku tu wazima. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo wake haujambo kabisa, tena siku hizi unafanya na kazi ya miguu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na safari hii nataka unisikilize hadi mwisho kabla hujapanda basi la Jumamosi kuja kumkabili yule mnunuzi wa sarafu.

Unanijua nilivyo. Salamu ikirefuka tu, naanza kujiuliza mtu anataka nini. Basi fikiria nilivyoingia dukani kwa yule mzee, ambaye mtaa mzima unamwita Lenzi, nikiwa na sarafu ya marehemu baba ndani ya pamba. Alinipa kiti. Akanimiminia chai. Akauliza hali ya mama kana kwamba walinyonya ziwa moja. Nikajisemea, huyu ameshaniona mjinga. Chai sikuigusa.

Aliitoa sarafu kwa kibano, wala si kwa vidole, akaigeuza chini ya taa. Unakumbuka ilivyo: picha imesogea pembeni, sehemu moja ikabaki tupu, laini, bila hata herufi. Alinieleza kwamba wengi humletea sarafu walizozigonga kwa nyundo nyumbani wakidai zimeharibikia kiwandani. Kwa hiyo aliipima uzito kwanza, akatazama kama upande wa pili nao umesogea vilevile, kisha akakagua ukingo akitafuta alama za tupa. Mwishowe akasema yetu ni ya kweli, kwamba ilikaa vibaya kwenye mashine ikapigwa chapa kombo, na kwa kuwa mwaka bado unasomeka, wakusanyaji wataigombania. Nilimwona akimeza mate. Mtu akimeza mate, Kaka, ana lake jambo.

Bei aliyotaja ndiyo ile niliyokuambia ukanitaka niirudie mara mbili. Pamoja na akiba zetu, ingetosha kukinunua chumba cha karakana ya baba kabla mwenye nyumba hajakiuza kwa wale watu wa vipodozi. Lakini alitaka sarafu ilale kwake usiku mmoja, ili mteja wake mkubwa aje kuikagua mwenyewe. Hapo machale yakanicheza. Aliahidi stakabadhi yenye mhuri, lakini mhuri si unachongwa popote? Nikarudi nayo nyumbani, nikalala nayo chini ya mto nikiwaza atakavyonibadilishia, anipe ya bandia, nami nibaki nimeduwaa.

Kesho yake nikampelekea. Alikuwa na mteja mwingine, akaipokea vilevile ndani ya pamba yake na kuifungia kwenye kabati la chuma. Niliporudi siku iliyofuata, uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema sehemu ile tupu ina mkwaruzo mpya, chuma bado kinang'aa ndani yake. Alisema thamani yote ilikuwa pale, kwa sababu hapakuwa pameguswa na kitu tangu kiwandani. Mteja mkubwa alikuwa ameshaondoka, na yeye mwenyewe angeweza kutoa robo tu ya bei.

Nilikuambia ameikwaruza makusudi ili aipate kwa bei ya kutupa. Ukawaka. Ukawaambia binamu zetu, nao wakautangazia mtaa. Sasa watu wanapita mbele ya duka lake wakitazama kando, na juzi kuna aliyemwandikia neno mwizi mlangoni kwa mkaa.

Kaka, mkwaruzo ule ni wangu.

Asubuhi ile ya kumpelekea sarafu, kabla ya kutoka, nilikaa kwenye meza ya kazi. Unajua sisi mafundi saa: saa ikipita mikononi mwetu tunachora alama ndogo ndani ya mfuniko, ili ikirudi tuitambue na mtu asitubambikie ya mwingine. Nikaitazama ile sehemu tupu, nikaona imekaa vizuri kwa alama. Nikachora mistari miwili na nukta, kama alivyonifundisha baba. Nilijiona mjanja kweli.

Yule mzee aliponionyesha, nilijua papo hapo. Ila mdomo ulinitangulia, nikamwambia ni yeye. Alivua saa yake mkononi, akaufungua mfuniko kwa kisu kidogo, akailaza kando ya sarafu chini ya taa. Baba aliwahi kuitengeneza. Mistari miwili na nukta. Nikanyakua sarafu nikatoka bila kuaga, na jioni ileile nikakupigia simu nikakuambia niliyokuambia. Niliogopa utasema nimeipoteza karakana ya baba kwa ujanja wangu, na kweli nimeipoteza.

Hata ukimya wake niliushuku, nikadhani ananiwekea akiba ya kunimaliza nayo. Jana nikamwendea kumuuliza mbona hajamwonyesha mtu ile saa. Nilimkuta anasugua mlango. Akasema angeionyesha, mtaa ungenigeukia mimi, na mimi nina mgonjwa ndani. Akaona anipe siku chache nimwambie ndugu yangu kwa kinywa changu. Nilitafuta mtego katika maneno hayo, Kaka, nikatafuta sana. Sikuuona.

Jumamosi njoo, lakini twende wote, kwanza kwa binamu, kisha dukani kwake, niseme mbele yao. Hasira uliyomwandalia yeye, niletee mimi. Sarafu ninayo bado, na kama tuchukue ile robo au tusichukue, amua wewe.

Mama ukweli huu haujui. Kila alfajiri anamwomba Mungu amfungie yule mzee riziki, nami kwenye kitanda cha pili naitikia amina. Leo sikuitikia. Akaniuliza kama bado nimelala.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Nakuaga kwa aibu, na kwa mapenzi yaleyale.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Saa