Gesti ya Msamvu

Jumatatu, 3 Juni
Kola sita za sare za shule leo. Sindano imevunjika mara mbili. Nilikuwa bado natafuta kipande chake sakafuni dada Salima alipopiga simu. Hakuuliza hata hali. Chumba changu kwake Mafiga kiko tayari, nafika lini? Nusu saa baadaye, mamdogo Tatu, mdogo wake marehemu mama. Ameshatandika kitanda kwake Kihonda, nisimwangushe.

Basi wameanza.

Jumanne, 4 Juni
Niandike wazi, labda nitatulia. Jumamosi ni arobaini ya mama, kule Mlali. Jumapili ni kikao cha ukoo, mjomba Ramadhani aseme shamba la mama linakwenda kwa nani. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Salima analitaka lote. Mamdogo naye analitaka lote. Tangu mazishi hawasalimiani.

Mimi nataka kipande cha juu tu, penye migomba. Mama mwenyewe alinionyesha, akasema nijenge pale. Miaka kumi na tisa nashona Dodoma kwenye chumba cha kupanga. Nimechoka. Nataka kwangu.

Nyumba ya mama imefungwa mpaka kikao kiishe, kwa hiyo nitalala mjini, wanakokaa Salima na mamdogo. Nikilala Mafiga, niko upande wa Salima. Nikilala Kihonda, nimemsaliti dada wa tumbo moja.

Jumatano, 5 Juni
Salima tena: Kihonda kuna vumbi, nitakohoa. Mamdogo tena: Mafiga kelele, sitapumzika. Utadhani madalali. Hakuna aliyetaja kwamba na mimi nimefiwa.

Nimeamua. Gesti, Msamvu, karibu na stendi. Siko kwa huyu wala kwa yule. Nimejiona mwerevu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika. Shuka safi, bomba linavuja. Nimewapigia wote wawili. Salima alisema tu, "Haya." Mamdogo alicheka kidogo. "Gesti? Na sisi tupo hai?"

Milima ya Uluguru naiona dirishani, juu kote mawingu. Nimekula chipsi mayai peke yangu. Potelea mbali, nimewakomesha.

Jumamosi, 8 Juni
Kisomo kimekwenda vizuri. Nikaenda jikoni kumenya vitunguu. Shangazi mmoja wa jirani akanichukulia kisu mkononi, kwa upole kabisa, akaniletea kiti. Kiti! Wanawake wote wamekaa mkekani. Pilau nikaletewa sahani yangu peke yangu, na maji ya kunawa.

Salima na mamdogo walikuwa kwenye sufuria moja, huyu anakoroga, yule anachochea moto. Wananong'ona, wananitazama, wanacheka. Siku arobaini hawakupeana hata salamu. Gesti yangu imewapatanisha.

Jumapili, 9 Juni
Nilimwamkia mjomba. "Marahaba, mgeni wetu. Umelalaje huko gesti?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Shamba limekatwa mawili. Chini Salima. Juu, penye migomba, mamdogo.

Nikasimama, nikasema ahadi ya mama. Mjomba hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwanangu, hawa wamegombana, lakini wamegombana nyumbani. Wewe umefika mjini kwenu ukalipia kitanda. Mtu wa kwetu hata jikoni kwa nduguye analala. Tumeona umekuja kututembelea tu."

Hakuna aliyenitetea. Salima alikuwa anaangalia kucha zake. Nilitaka kumuuliza ningelala wapi nisimkosee mtu. Nilitaka kuwatukana wote. Nikakaa chini.

Nawachukia. Naandika hivyo hivyo, kesho nisijidanganye. Na mimi mwenyewe najichukia. Nimezaliwa humu humu, nilijua kabisa gesti maana yake nini kwa watu hawa. Nikajifanya nimesahau kwa sababu nilitaka kulala bila kusutwa.

Jumatatu, 10 Juni
Stendi, asubuhi. Sikutegemea mtu. Wamekuja wote wawili, Salima na mamdogo, wamegawana kanga ya doti moja. Wameniletea mkungu wa ndizi.

"Zawadi yako, mgeni," mamdogo akasema. Hakuwa na kejeli.

Ndizi zile nazijua. Zimetoka kule juu, mama alipanda nikiwa nimemshikia jembe. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asanteni.