Bua la Mgomba Nililokukatia, Baba Askofu

Baba Askofu,

Jeneza lako nililibeba mimi. Mbele, upande wa kulia, tangu kanisani hata makaburini, wala sikupokewa na mtu. Ndivyo nilivyowahadithia barazani, wakaniamini, wakanimiminia kahawa. Lakini wewe sasa uko kwa Mwenye kujua yote, nikikudanganya utaulizia huko huko. Haya basi, sikubeba. Nilikuwa nyuma ya mlango wa duka la vitambaa, nachungulia. Jeneza likapita, nami nikainama kama natafuta kiatu.

Niliona haya. Sababu unaijua, ila hukuijua yote.

Nnakuita Baba kwa mazoea tu, maana umri wetu ulikuwa mmoja, wewe mvi zimekuwahi. Ulipoletwa hapa padri kijana, Kiswahili chako kilikuwa cha kuvunja mbavu. Nani aliyekufunza kuitika "Naam"? Mimi, juu ya ngazi, ndoo ya chokaa mkononi. Ukapanda cheo, ukawa askofu, kofia ikabadilika rangi, baiskeli ile ile. Waumini wako hawakuwa wengi, Wagoa wa mjini na wachuma karafuu wa bara. Sisi wengine ulitupata kwa kutuuguza tu. Ulikuwa ukitoka Walezo kuwafunga wakoma vidonda, unanuka dawa, na bado unasimama barazani kunichokoza: "Fundi Mcha, lini utabatizwa?" Nami: "Siku utakayooa wewe, Baba."

Sasa ule ukuta. Chumba ulichokuwa ukisikilizia watu madhambi yao nilikipiga lipu mimi. Masika haijesha, ukuta ukatoka jasho, lipu ikabambuka ikaangukia vitabu vyako. Ukanijia barazani na kitabu kilichoroa: "Fundi, umeweka nini humu?" Mdomo wangu huu nao haujui kukaa. "Baba, ukuta unatoka jasho kwa madhambi ya Wagoa." Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Wewe hukucheka. Muuza samaki wa Darajani akawa kila akimwona Mgoa anamuuliza, "Vipi, ukuta umekauka?" Watu wako wakaona haya kuingia mle chumbani. Ukawa unapita mbele yangu, miezi, huniangalii.

Jibu la kweli ni hili: mchanga ulikuwa wa pwani. Wa shimoni ulikuwa mbali na mimi mvivu. Wa pwani una chumvi, na chumvi haiachi ukuta ukauke, hata fundi wa siku moja anajua. Nilijua, nikaupakaza.

Mwishowe aliyekuja ni wewe. Umeshika baiskeli, umekonda, unasema, "Kwenu Makunduchi nasikia siku ya Mwaka Kogwa wenye ugomvi hupigana kwa mabua ya mgomba, na wakimaliza wamemaliza. Kweli?" Kweli, Baba. "Basi nikatie langu, liwe nene. Nitakuja nikupige." Ukacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikajiambia habari ya mchanga nitakupa pale pale uwanjani tukishapigana, maana baada ya hapo mtu hana ruhusa ya kukasirika.

Hukusubiri. Homa, wiki mbili, basi.

Mwaka Kogwa ukafika. Nikakata mabua mawili, lako na langu, nikasimama uwanjani kama mwendawazimu. Shemeji yangu akaniuliza, "We mzee, unapigana na nani?" Na Askofu. "Si nshasikia kafa!" Ndiyo maana kachelewa. Wakacheka, nami nikacheka. Nikajipiga mwenyewe begani, pa! Haihesabiki. Mtu hawezi kujimalizia ugomvi peke yake. Nilijaribu.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nnakwenda wapi. Kahawa inanipolea mkononi. Na mji nao umechafuka, siasa tupu. Watu waliokuwa wakikaa baraza moja hawaamkiani, wanasusiana hata maziko. Nikiwatazama nakuona wewe na baiskeli yako, unapita.

Padri mpya ameupaka ule ukuta rangi ya mafuta. Umetoka malengelenge kama mtu aliyeungua. Nikamwendea nikamwambia habari ya mchanga. Akasema amenisamehe. Kijana yule, anisamehe kwa lipi? Vitabu si vyake, wala si yeye aliyechekwa. Nikamshukuru, nikatoka na mzigo wangu vile vile.

Nakuahidi haya. Ukuta nitaubambua mpaka kwenye jiwe. Mchanga nitaufuata shimoni mwenyewe, na chokaa nitairoweka wiki zake zote, sitaiharakisha. Na muuza samaki wa Darajani nitamwendea wateja wakiwa wamejaa, nimwambie Wagoa hawana kosa, jasho lile lilikuwa la uvivu wangu. Anicheke mimi sasa. Ana haki.

Kwaheri, Baba. Mimi nakuombea kwa dua yangu, wenzako kwa sala zao, zitajuana huko juu. Ila ahadi ni deni, na wewe hukunipiga. Nikifika huko, kabla sijaanza kuulizwa habari zangu nyingine, ambazo ni ndefu, nitafute unipige hilo pigo moja. Bega la kushoto, tafadhali. La kulia linaniuma tangu nilipoanguka ngazini.