Mkutano wa Tangi

Nkwenda, Jumapili

Natangaza rasmi: tangi la maji la nyumba zetu sita limepata ufa, na mimi, mwenyekiti wa umoja wetu, nimeitisha mkutano wa dharura sebuleni kwangu.

Nilipanga viti na kuweka kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama marehemu mke wangu alivyowafanyia wageni.

“Mwenyekiti, umepanga viti kama tumekuja kuposa!” jirani yangu Mama Koku alinitania. “Akiba si ipo? Toa, fundi aje.”

Mikono ikanyooshwa. Wakaondoka kabla kikapu hakijazunguka.

Ukweli ni kwamba katiba yetu inaniruhusu kutoa akiba ya matengenezo bila mkutano. Niliiandika mwenyewe. Nilitaka tu watu waketi humu.

Kahawa nimeitafuna peke yangu.