Kopo Hapewi Jasiri

Dada Rehema,

Salamu kutoka Garsen, kifua mbele! Jana mwenyeji wangu, Mama Jilo, alinivusha Mto Tana kwa mtumbwi kwenda shambani kwake kwenye mpunga. Unanijua mdogo wako. Hata katikati hatujafika, nilishauliza mara nne kama lile gogo ni mamba, na mara tano kama mtumbwi unavuja.

"Unavuja," akanijibu, akanipa kopo. "Chota, mwaga."

Nikamwambia mimi mwoga, ampe abiria mwingine. Akacheka. "Hapa kopo hapewi jasiri, mwanangu. Jasiri hutazama ndege, akasahau maji."

Basi nilichota! Wasiwasi wangu wote ukapata kazi ya mikono, na tukafika ng'ambo miguu mikavu. Jioni, wakati wa kurudi, tulipanda watu sita. Mama Jilo akawaambia, "Kopo mpeni Zuhura. Huyo ndiye fundi."

Mimi, Dada! Fundi!

Nisalimie Mama, na Mungu awatunze. Gesi ya jikoni umeifunga? Safari hii sikupigii simu. Nauliza kwa kadi hii ya posta, na jibu likichelewa, na lichelewe.

Mdogo wako,
Zuhura