Boneti Baridi

Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Saa kumi na moja asubuhi nimemgeuza Mama, ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti. Uji. Kumfuta. Mgongo bado mzima, hakuna kidonda. Kisha kazini kwenye kituo cha afya, hapa hapa Sosiot, kwa miguu.

Barua ilikuwa inaningoja mezani. Uhamisho. Tarehe sita Novemba niwe Chepseon, saa moja asubuhi niko ndani ya wodi. Gari la abiria la kwanza halinifikishi kabla ya saa mbili. Chumba cha wauguzi kipo huko, wanasema, cha mtu mmoja. Na Mama? Jirani yetu Mama Chebet anamwangalia mchana. Usiku ana watoto wake. Usiku ni mimi tu.

Nimeogopa. Sijamwambia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemwambia. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana maneno yake ni machache, na leo hakutoa hata moja.

Ni gari au nimwache. Kuendesha najua; dereva wa kituo akiugua, mimi ndiye hukimbiza wajawazito Kericho. Lakini bonasi ya mwaka ya majani chai yetu haitoshi gari. Ikabidi nimtaje Chelel, ng'ombe wake. Hapo akanitazama. Halafu akafumba macho. Sijui kama hiyo ilikuwa ndiyo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Chelel ameenda. Mnunuzi alitokea alfajiri bila kutuma habari, kama wanavyofanya wanunuzi wa ng'ombe. Akasimama zizini akitazama nikikamua, akapapasa kiwele, akalipa. Mama alisikia kila kitu kutoka kitandani. Maziwa ya chai leo yametoka dukani. Amekataa kunywa.

Nimejichukia siku nzima.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kericho mjini, magari matatu. La kwanza sakafu imetoboka, unaona lami. La pili mwenyewe hana kitabu chake cha usajili, eti kiko kwa shemeji. La tatu zuri, bei yake si ya watu kama mimi. Mabroka wote wana hadithi moja: gari lilikuwa la mzungu mzee, akiliendesha kwenda kanisani tu. Wazungu wa Kericho walikuwa wacha Mungu kweli.

Siku zinakwenda.

Jumatano, 18 Oktoba

Huenda nimepata! Mzee Philemon, mzee wa kanisa letu, anauza gari lake dogo la buluu. Jana nilituma salamu kupitia mkewe, adabu ni adabu, na leo saa kumi jioni nikaenda. Limeoshwa, linang'aa, limeegeshwa juu ya mteremko mbele ya nyumba. Akatia ufunguo, injini ikashika mara moja.

"Sista, hii gari haina shida. Tangu Jumapili sijaigusa na unaona vile inashika."

Kabla hajaliwasha nilikuwa nimeegemea boneti kuandika namba. Ilikuwa na joto zuri, na huku juu jioni ni baridi. Jumamosi saa nne napeleka pesa. Leo nitalala.

Alhamisi, 19 Oktoba

Sijalala. Nilipokuwa nikimlisha Mama nilimweleza habari za gari, ili tu nyumba isikae kimya. Akasogeza kijiko kando.

"Ulituma salamu?"

Neno la kwanza baada ya wiki nzima. Nikasema ndiyo, nilituma. Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo, mate yakitoka.

"Ng'ombe... Asubuhi."

Nikaelewa. Mwenye ng'ombe akijua unakuja, hamkamui tangu jana yake. Unafika, unakuta kiwele kimejaa, unafurahi, unalipa. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye akili hatumi salamu. Mimi mtoto wa mama huyu nimetuma. Na boneti ilikuwa na joto, ya gari ambalo halijaguswa tangu Jumapili.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nilitoka kabla ya jua. Ukungu. Nikasimama kwenye njia ya majani chai chini ya boma la Mzee Philemon.

Mkewe na mkwe wake walikuwa wanalisukuma gari mteremkoni. Mkewe yule yule niliyempa salamu, leso imefungwa kiunoni. Likakohoa, likatoa moshi wa buluu, likafa. Mzee amejifunga blanketi, anapiga kelele, "Sukuma! Huyu sista anakuja saa nne!"

Akaniona.

"Sista, ni baridi tu hii. Hata wewe ukitoka kwa kitanda huwezi kimbia."

"Mzee, mimi nikitoka kwa kitanda lazima nikimbie."

Nimerudi na pesa zangu. Karibu nimpoteze Chelel kwa moshi.

Jumapili, 22 Oktoba

Mzee Philemon ndiye aliyeongoza maombi. Ameombea wenye imani ndogo. Wamama wote wakageuka kunitazama. Nimekasirika mpaka nikaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Alhamisi, 26 Oktoba

Hakuna gari. Subira huvuta heri, lakini haivuti gari.

Nimeanza kumfundisha Mama Chebet kumgeuza usiku, iwapo gari litakosekana. Anamvuta kwa mkono ule uliokufa. Mama hakulalamika. Nimetoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimesikia kuna mama muuza viazi upande wa Londiani, Mama Njoki, anauza pikapu. Macho yake hayaoni vizuri tena. Mama Chebet atalala hapa usiku huu mmoja. Mimi nalala kwa muuguzi mwenzangu huko Londiani. Salamu sijatuma. Nimejifunza.

Jumamosi, 28 Oktoba

Aibu. Niandike yote.

Nilibisha kwa Mama Njoki kabla hakujapambazuka. Taa ikazimwa ndani. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa hadi mlangoni. Nikataja jina langu, nikidhani litasaidia. Jina la Kikipsigis. Mtoto aliyekuwa akikohoa ndani akaacha.

Hapo ndipo nikaiona nyumba ya jirani, haina paa hadi leo, na nikakumbuka miaka ile ya vita vya makabila. Watu wetu waliwajia Wakikuyu wa hapa saa kama hizi. Bila salamu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema kwa sauti, "Mama, mimi ni nesi. Nimekuja kuona gari. Nitakaa kule barabarani mpaka jua litoke." Nikaenda nikakaa kwenye jiwe. Miguu ikafa ganzi.

Jua lilipotoka alifungua, shoka mkononi.

"Watu wa kununua gari huja saa nane na soda," akasema.

Nikamweleza habari ya ng'ombe, kiwele na boneti. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kumbe hivyo ndio nyinyi mnanunua ng'ombe?"

"Hivyo. Nisamehe, mama."

"Woi. Siku nyingine utume mtu. Roho yangu ilikuwa imetoka."

Akacheka kidogo, lakini shoka hakuliweka chini.

Pikapu ni ya kijani, imeegeshwa penye tambarare, sakitu nyeupe, umande ulioganda, juu ya boneti. Nikavuta choki, nikawasha. Ikakataa. Ikakataa. Mara ya tatu ikashika, na moshi wa buluu haukutoka. Akanionyesha ubaya wake wote mwenyewe: hita imekufa, gia ya pili lazima uibembeleze, mvua inaingia mlango wa kushoto. Hakuna mtu mwingine aliyenitajia hata kasoro moja. Akanipa bei. Sikuomba apunguze.

Jumatano, 1 Novemba

Nimeenda Chepseon na kurudi, kujaribu. Kila sauti naisikia. Kwenye kilima gia ya pili iligoma, jasho likanitoka. Walimu wawili wanaofundisha huko watapanda nami na kuchangia mafuta. Bado naogopa Jumatatu.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua usiku kucha, imekatika alfajiri. Saa kumi na moja nikataka kumgeuza Mama. Akakataa ubavu.

"Nje."

Nikamwita Mama Chebet. Tukambeba na kiti chake, blanketi mbili, mpaka kwenye pikapu. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaulaza juu ya boneti, kama alivyokuwa akiulaza ubavuni mwa Chelel kabla ya kukamua.

"Baridi," akasema. Kisha, "Washa."

Ikakataa mara mbili. Ya tatu ikashika. Mama hakuondoa mkono. Aliuacha pale mpaka chuma kikapata joto, ndipo akaniashiria niende.

Saa moja kasoro nilikuwa wodini. Jioni nimerudi, nimemgeuza. Mgongo bado mzima.