Vidonge Katika Pindo la Kanga

Jumanne, 17 Septemba 1974

Mapigo ya moyo wa Bibi asubuhi: 66. Nimehesabu dakika nzima kwa saa ya Baba, kama bwana mganga wa hospitali ya Kilindoni alivyonifundisha. Kidonge cha kwanza cha kutuliza moyo baada ya uji. Cha pili mchana, cha tatu jioni. Mwezi wa Ramadhani umeandama. Bibi anasema atafunga. Nimemkumbusha kuwa mganga alikataza kuviacha vidonge ghafla. Akasema moyo ni wake na Mola ni wake.

Alhamisi, 19 Septemba

Hesabu za shuleni zimenishinda. Bibi anasema anameza vyote, wakati wa daku na baada ya futari. Mapigo 88. Simwamini.

Ijumaa, 20 Septemba

Mapigo 104. Alikuwa akipeta mchele, akashika kifua. Jioni nilitaka kumfulia kanga, nikakuta fundo kwenye pindo. Ndani vidonge sita. Vya asubuhi na mchana, siku tatu. Ameniomba nisimwambie Baba. Nimekubali. Ninajichukia.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika kwenye benchi la hospitali, Kilindoni. Jana baada ya futari Bibi alisimama kuchukua birika, akaanguka. Jasho la baridi. Mapigo 42. Fundo la kanga halikuwa na kitu. Nikamuuliza vidonge viko wapi.

"Nimevilipa, mjukuu wangu. Saumu ikikupita si unailipa? Nimemeza vyote vinane, na cha jioni."

Nilimwambia Baba kila kitu, hata siri yangu. Hakunipiga. Alikimbia kumtafuta dereva wa lori la kijiji. Njia yote kutoka kwetu Kirongwe nilihesabu mapigo. Nilipopotewa na hesabu, nilianza upya.

Leo 54. Mganga anasema kidonge kilichopita kimepita. Kinachofuata humezwa kwa wakati wake, kimoja tu. Kuviacha ghafla ni hatari, kuvirundika ni hatari. Kisha akauliza nani alijua. Nikasema mimi.

"Usimfichie mgonjwa siri itakayomuua."

Sikulia mbele yake. Alichukua daftari langu la mapigo, akalisoma lote. Akauliza niko darasa la ngapi. La saba. Akanirudishia daftari. Swali hilo halijanitoka kichwani.

Jumamosi, 28 Septemba

Tuko nyumbani tangu juzi. Shehe amempa Bibi ruhusa ya kula. Kila siku atatoa kibaba cha mchele kwa maskini, na mimi ndiye ninayekipeleka. Bibi ananung'unika kuwa nimekuwa mkali kuliko mama mkwe wake.

Mchana amekunywa uji nyuma ya mlango, asionekane na wanaofunga. Akameza kidonge kimoja. Kisha, sijamwomba, akashika pindo la kanga na kulikung'uta mbele yangu. Tupu. Akaninyooshea mkono.

64.