Mpira wa Chini wa Gari la Baba Mkwe

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, nami nitajitahidi kueleza mambo kwa utaratibu, ingawa sina hakika kama si utaratibu wenyewe ulionifikisha hapa. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari Kaunti ya Nyamira, nimeolewa kwa miaka sita, na tangu mwezi wa pili ndimi ninayeendesha gari la baba mkwe wangu, Mzee Angwenyi, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, kwa sababu mtoto wa jicho alimpunguzia uwezo wa kuona, jicho la kulia likafanyiwa upasuaji mjini Kisii, na la kushoto litafanyiwa Alhamisi hiyo ninayoitaja.

Wasomaji wako wa huku kwetu wanaijua chinsoni, ile staha inayomtenga mkaza mwana na baba wa mumewe: hatupeani mikono, siingii chumbani kwake, na mbele yake sitamki neno lolote linaloweza kudhaniwa kuwa la mwilini. Ndiyo maana yeye huketi nyuma upande wa kushoto, nami hushika usukani, tukizungumza kuhusu mvua na majani chai hadi tufike.

Sasa, rejeta ya gari lolote ina mipira miwili mikubwa, wa juu unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini na wa chini unaoyarudisha yakishapoa, na asubuhi moja niliubonyeza ule wa chini nikaukuta umelainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva, umevimba karibu na klipu inayoukaza, na tone la maji limening'inia. Nilinyamaza. Siku iyo hiyo, tukipanda mlima kuelekea Masimba, mshale wa joto ukapanda nao, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaegesha kando, na kwa kuwa niliona kimya changu kingekuwa uongo nikasema, kwa Kiswahili ili lisisikike vibaya kama ambavyo lingesikika kwa Ekegusii: "Baba, mpira wako wa chini umelegea, na unavuja."

Mzee alitazama migomba ya watu nje ya dirisha kwa muda wa saa nzima, gari likapoa, tukaongeza maji, tukarudi. Kesho yake niliitwa jikoni kwa mama mkwe, Mama Nyanchera, nikamkuta na dada wa Mzee, shangazi Eucabeth.

"Ulisema mpira wa nani?" shangazi akauliza.

"Nilisema wako, kwa maana ya gari."

"Gari hukulitaja."

"Tulikuwa ndani yake, shangazi."

"Na ulisema umelegea."

"Umelegea kweli."

"Hilo wewe umelijuaje?"

Hapo mama mkwe alijifunika uso kwa leso, na hadi leo sijui kama alikuwa akilia au akicheka.

Nilimpigia mume wangu aliye kazini Nakuru. "Mwambie tu kwa heshima," akasema. Nikamwambia amwambie yeye. "Mimi ni mwanawe," akajibu. "Kwangu ni vibaya zaidi." Nikaenda kwa fundi, Ochoki, nikidhani fundi ni fundi. "Mwalimu, baba yangu na huyo mzee walitahiriwa mwaka mmoja," akaniambia. "Ni baba kwangu. Nitaanzaje?" Nikamwambia aanze na klipu. "Ataniuliza klipu inakaza nini, mwalimu."

Tangu siku hiyo Mzee ameagiza kwamba boneti isifunguliwe na mtu ila yeye. Gari likichemka hushuka, huzungusha kitambaa mkononi, na kufungua kifuniko cha rejeta kingali moto, ameinama kabisa kwa sababu haoni vizuri. Sabato iliyopita tukitoka kanisani mvuke uliruka ukampita usoni kwa upana wa kiganja, upande wa jicho lililotibiwa. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, mikono nimeificha mgongoni. Mimi, ambaye kila mwaka nawafundisha kidato cha tatu kwamba maji yaliyofungiwa huweza kupita nyuzi mia bila kuchemka, na kwamba ukiyafungulia ghafla yote hutaka kutoka kwa pamoja.

Naelekea kuamini kwamba staha inayoweza kumuunguza mtu si staha tena, kisha nashuku kwamba hayo ni mawazo ya mtu aliyesoma, anayeiona mila kuwa kizuizi pale tu inapomzuia yeye. Na baadaye nashuku jambo baya zaidi, kwamba nimeanza kuipenda chinsoni hiyo kwa kuwa inaniruhusu kuwa sahihi bila kufanya lolote. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Nyamira

*

Mkaza mwana,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika Sabato ile nikaacha.

Pole kwa kikao cha jikoni. Kuhojiwa na shangazi kwa sababu ya neno "wako" si jambo dogo. Lakini wewe, uliyeujua mpira huo asubuhi ukanyamaza hadi mlimani, umenikasirisha kuliko shangazi. Yeye hajui fizikia.

Umemtafuta mume, umemtafuta fundi, ukamruka mtu pekee katika boma hilo ambaye chinsoni haimfungi mdomo, naye ni mke wa mzee. Mimi nadhani alikuwa akicheka ndani ya ile leso. Huenda nimekosea, ila hata kama alikuwa akilia, mwendee leo mkichambua mboga, umwambie bila hesabu wala maelezo marefu kwamba jicho la mumewe litaungua. Kisha aseme yeye kwamba gari litalala kwa Ochoki Jumanne. Mzee hatauliza sababu, kwa kuwa akiuliza itabidi aisikie.

Usinunue mpira mmoja. Wa juu una umri uleule na aibu yake iko njiani. Ochoki akaitoe ya zamani na kwenda nayo dukani, kwa maana kila gari lina mkunjo wake, na ule wa chini uwe na waya ndani ili usifyonzwe ukabanana. Afanye kazi injini ikiwa baridi, asugue kutu kwenye midomo ya mabomba, na klipu ziwe mpya, zikae nyuma ya ukingo wa bomba, si juu yake. Ajaze kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi, si ya kijito, na aiache injini ingurume kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu ya hewa yaishe. Siku chache baadaye klipu zikazwe tena. Kuanzia hapo uibonyeze mipira hiyo kila mwezi, asubuhi, kimya kimya kama ulivyozoea. Ukiona mmoja umekauka na kupasuka, au umelainika, ubadilishwe hata kama hauvuji.

Kuhusu mila na usomi wako sina jibu ninaloliamini kikamilifu. Staha hiyo imewalinda wanawake wengi dhidi ya wanaume wengi, na mimi siwezi kuifuta kwa barua. Ila haikuwekwa ili ikupe mahali pa kuficha mikono.

Kwa hiyo gari likichemka tena kabla ya Jumanne, zima injini na msubiri saa nzima. Mzee akinyoosha mkono kuelekea kifuniko, mshike mkono. Mshike kwa nguvu. Shangazi Eucabeth ataitisha kikao kingine, nawe utakwenda, utakiri kila kitu, na utaomba radhi kwa jinsi watakavyokuelekeza, huku Mzee Angwenyi akiwa ameketi pale, amekukasirikia kwa macho mawili mazima.